Nimeng'olewa gego, nikapata nafuu, kisha maumivu yamerudi makali kuliko mwanzo

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Makorora, Tanga. Jumamosi iliyopita niling'olewa gego la chini upande wa kulia kwenye kituo kimoja cha afya. Lilikuwa limetoboka na limenisumbua muda mrefu. Lilitoka kwa shida, lilivunjika kwanza ndipo likang'oka. Jumapili na Jumatatu niliendelea vizuri, nikarudi kuuza vitumbua vyangu. Kuanzia Jumanne jioni maumivu yamerudi makali kuliko hata ya jino lenyewe, yanapanda mpaka sikioni na kwenye kipaji, usiku silali. Sijavimba wala sina homa. Nikimulika kwa tochi ya simu naona shimo tupu, ndani kuna kitu cheupecheupe, na mdomo unanuka. Jirani anasema daktari kaacha mzizi. Duka la dawa wamenipa amoksilini, metronidazoli na diklofenaki, ila mimi nina vidonda vya tumbo. Mama mkwe anataka nijaze karafuu za kutwanga na nisukutue maji ya moto ya chumvi. Natumia pia vidonge vya majira. Nifanye nini, na hili shimo litajifunga lini? Halafu mama mkwe mwenyewe ana jino bovu la juu, anakataa kung'olewa, anasema macho yataharibika. Ni kweli?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa usiku huo usiolala. Nianze na unachokihitaji leo. Kwa maelezo yako, kilichokupata kinafanana kabisa na kile ambacho sisi wa meno tunakiita shimo kavu, yaani shimo la jino lililopoteza donge lake la damu kabla ya wakati. Uwezekano wa mzizi kuachwa ni mdogo, uwezekano wa maambukizi nao ni mdogo, na tiba yake haimo katika zile dawa ulizopewa dukani. Tiba iko kwenye kiti cha meno: shimo lioshwe, liwekewe dawa, uondoke na nafuu ambayo hujaipata tangu Jumanne. Kama unasoma haya na bado linauma, asubuhi hii rudi pale ulipong'olewa. Ikishindikana, nenda kliniki ya meno ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Usingoje lipoe lenyewe.

Najua kurudi si kwepesi. Wagonjwa wengi huona kwamba kurudi ni kwenda kumshtaki aliyewang'oa, au wanaogopa watachomwa sindano na kuvutwa tena, au wanahesabu hela. Basi wanazunguka maduka ya dawa wiki nzima, kila duka na kapsuli zake, huku hawali wala hawalali. Linaniuma kila ninapoliona, maana kazi yenyewe ni ya dakika chache na mara nyingi haihitaji hata ganzi. Aliyekung'oa hatashangaa kukuona. Kati ya watu 100 wanaong'olewa meno ya kawaida, mmoja hadi watano hupata shimo kavu, na kwa magego ya mwisho ya chini wanaweza kufika hata 30. Humpata mgonjwa wa daktari bingwa na humpata mgonjwa wa tabibu wa zahanati. Ukirudi hujamkosea mtu, na yeye si lazima awe amekukosea.

Sasa nikueleze kinachoendelea humo ndani, maana ukikielewa, ushauri wa jirani na wa mama mkwe utaweza kuupima mwenyewe.

Jino likitoka linaacha shimo kwenye mfupa wa taya. Damu inajaa humo na ndani ya dakika chache inaanza kuganda, ndiyo sababu unapewa pamba uing'ate kwa nguvu kwa nusu saa au zaidi. Lile donge jeusijeusi linalobaki watu wengi hulichukia. Wanalitema, wanalisukutua, wanalichokonoa kwa njiti, kwa kudhani ni damu chafu iliyobaki. Kumbe kupona kote kunaanzia hapo. Ndani ya donge kuna nyuzi nyembamba sana za protini zilizosukana. Aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa huko Mkinga au Pangani anajua kwamba kwanza husimamishwa miti na kufungwa fito, ndipo udongo ukandikwe na kushika. Nyuzi za donge ndizo hizo fito. Chembe hai za mwili na vishipa vichanga vya damu hupanda juu yake, nyama mpya ikajaa, na baadaye mfupa mpya. Donge likitoka mapema, nyama haina pa kushika, na mfupa unabaki wazi.

Mara nyingi donge halidondoki, huyeyuka. Mwili una vimeng'enya vyake vya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida hufanya kazi polepole na kwa wakati wake. Mfupa ukiwa umeumizwa sana, na bakteria wa kinywani wakiwa wengi kuzunguka jeraha, vimeng'enya hivyo huamka mapema na kulila donge lote. Hili huchukua siku mbili tatu, ndiyo maana hadithi yako ni ileile ninayoisikia kila mara: mgonjwa anapata nafuu, anarudi kazini, kisha siku ya tatu au ya nne maumivu yanampiga upya. Maumivu ya kawaida ya kung'olewa jino huwa makali siku ya kwanza, halafu yanashuka kila siku. Yakishuka kisha yakapanda, kuna jambo.

Kuhusu sikio na kipaji usiwe na hofu, sikio lako ni zima. Mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia meno ya chini una tawi linalokwenda mbele ya sikio na kupanda pembeni mwa kipaji. Ubongo unapokea kelele kutoka kwenye mshipa mmoja na hautambui vizuri imetoka tawi gani. Nimeshaona watu waliopewa dawa ya matone ya sikio kwa ajili ya shimo la jino.

Na kile cheupecheupe? Hapa jirani yako amedanganyika kwa kitu kinachowadanganya wengi. Shimo linalopona vizuri nalo hufunikwa na utando mweupe au wa njano mpauko kuanzia siku ya tatu hivi. Ule ni utando wa kupona, si usaha, na ukiugusa hauumi sana. Kwenye shimo kavu unachokiona ni mfupa wa taya wenyewe, ukiwa mweupe wa kijivu, na ukiguswa hata na maji unakurusha. Mara nyingi ukingo wa mfupa huo ndio watu wanaouita mzizi. Sisemi mzizi haubaki kamwe. Jino lililovunjika linaweza kubakiza ncha, na wakati mwingine tunaiacha ncha ndogo kwa makusudi ikiwa iko karibu mno na mshipa wa fahamu, kwa kuwa kuifukua kungeleta madhara makubwa kuliko kuiacha. Lakini ncha iliyobaki si kawaida yake kuleta maumivu ya namna hii siku ya nne. Ukirudi uliza waziwazi kama mizizi yote ilitoka. Una haki ya kujibiwa. Wakiwa na shaka, picha ya eksirei itamaliza ubishi. Wewe usichokonoe kwa njiti, pini wala ncha ya kisu.

Unaweza kujiuliza kwa nini ikupate wewe. Gego la chini, kwanza: mfupa wa taya ya chini ni mgumu na damu yake ni chache kuliko ya taya ya juu. Pili, jino lilivunjika, na kulitoa kukahitaji nguvu. Tatu ni vidonge vya majira. Homoni ya estrojeni iliyomo katika vile vya mchanganyiko huchochea uyeyushaji wa donge, na wanaotumia hupata tatizo hili karibu mara mbili ya wasiotumia. Usiviache kwa sababu hiyo, mimba usiyoipanga ni jambo zito kuliko shimo kavu. Ila siku ukipangiwa kung'olewa jino lingine lisilo la dharura, mwambie daktari unatumia vidonge, na kama pakiti yako ina vile vya kahawia vya mwisho wa mzunguko, omba siku yako iangukie humo. Vile havina homoni.

Vitumbua usivilaumu. Kurudi jikoni siku ya pili hakujaleta hili. Siku ya kwanza ndiyo ningekukataza kuinama juu ya jiko na kupuliza mkaa, kwa sababu joto na nguvu vinaweza kuamsha damu. Tumbaku hujaitaja, lakini wengine wanasoma, kwa hiyo niseme wazi: sigara huongeza hatari ya shimo kavu takribani mara tatu, na ugoro au tambuu vikiwekwa kwenye kinywa chenye jeraha bichi vinaliunguza moja kwa moja. Anayeng'olewa jino akae mbali na hivyo siku tatu kwa uchache, wiki ndiyo bora.

Halafu kuna kufyonza. Hapa kwetu msimu wa machungwa ya Muheza ukifika kila mtu anatembea na chungwa lililomenywa mkononi, na dafu nalo watu wamezoea kulinywa kwa mrija. Kufyonza kunavuta hewa kinywani, na katika siku ya kwanza na ya pili, donge likiwa bado laini, kunaweza kulisogeza au kuamsha damu. Kutematema mate kwa nguvu ni vilevile. Sidhani kufyonza peke yake ndiko kunakoleta mashimo makavu mengi, sababu kubwa ni zile nilizozitaja, lakini ni jambo rahisi kuliepuka kwa saa 48. Dafu linywe kwenye kikombe.

Tuje kwenye dawa ulizopewa. Amoksilini na metronidazoli ni antibayotiki, kazi yake ni kuua bakteria pale penye maambukizi ya kweli: uvimbe unaoongezeka, usaha, homa, tezi za shingoni zilizovimba. Wewe huna hata kimoja. Zaidi ya hapo, dawa ya kumeza hufika kwenye jeraha kupitia damu, na tatizo lako ni mfupa uliokosa donge la damu juu yake. Ndiyo maana watu humaliza dozi nzima na maumivu yako palepale. Zile ulizokwishaanza zipeleke kama zilivyo umwonyeshe daktari, yeye aamue uendelee au uache. Usiongeze nyingine kutoka duka jingine. Kila dozi isiyo na sababu inawafundisha bakteria kuizoea dawa, na siku utakapoihitaji kwelikweli, au mtoto wako ataihitaji, haitafanya kazi.

Diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, dada yangu. Hiyo, ibuprofeni na aspirini ni za ukoo mmoja. Zinapunguza maumivu ya meno vizuri sana, lakini zinaondoa kinga ya ukuta wa tumbo, na kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo zinaweza kusababisha kidonda kutoa damu. Iache leo. Ukiona choo cheusi kama lami, ukatapika damu, au tumbo likakata ghafla, hilo ni la hospitali saa hiyohiyo, jino lisubiri.

Kwako wewe kwa sasa ni parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Uvimeze kwa saa zake, usingoje maumivu yapande ndipo uyakimbize. Angalia pia usimeze dawa nyingine ya mafua au ya kichwa yenye parasetamoli ndani yake, kwani ini halijui tofauti ya majina ya pakiti. Isipotosha, daktari anaweza kukuandikia dawa kali zaidi ya siku chache, au akakupa ya ukoo ule pamoja na ya kulinda tumbo, lakini huo uwe uamuzi wake baada ya kukuuliza. Kwa msomaji mwingine asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, wala ujauzito, ibuprofeni ya miligramu 400 kila baada ya saa 8 baada ya chakula, ikiambatana na parasetamoli, hupunguza maumivu ya kung'olewa jino kuliko mojawapo ikiwa peke yake.

Mama mkwe wako naye asipuuzwe. Kuhusu karafuu ameshika jambo la kweli. Ndani ya karafuu mna mafuta yaitwayo eujenoli, na ndiyo hayohayo yaliyomo katika dawa nyingi tunazoweka kwenye shimo kavu. Ukiingia kliniki ya meno mahali popote duniani utaikuta harufu ya karafuu ileile inayosikika magunia yanapoteremshwa kutoka Pemba. Tofauti ni kipimo na njia. Karafuu za kutwanga zina vijiti na chembe ngumu zinazonasa shimoni, kisha zinaoza pamoja na chakula. Mafuta ya karafuu yakimiminwa bila kuchanganywa yanaunguza ufizi na kuacha kidonda juu ya kidonda. Sisi tunaweka kiasi kidogo juu ya kitambaa, tunakiweka juu ya mfupa bila kukishindilia, na tunajua siku ya kukitoa.

Nikueleze itakavyokuwa, usiende na hofu. Utalala kwenye kiti, taa itaelekezwa shimoni. Daktari atavuta maji ya chumvi ya hospitali, yaliyopashwa moto kidogo, kwenye bomba la sindano lisilo na ncha kali, ayapitishe taratibu. Hapo utaruka kidogo, mfupa ulio wazi haupendi kuguswa. Utashangaa vitakavyotoka: punje ya wali, nyuzi za nyama, mabaki ya donge lenye harufu. Asikwangue shimo ili damu itoke upya. Zamani lilifanywa sana, lakini linaongeza jeraha na kuchelewesha kupona, kwa hiyo akitaja kukwangua muulize kwa upole kama hakuna haja ya kuosha na kuweka dawa tu. Kisha atakausha kwa pamba na kulaza utepe mwembamba wenye dawa. Unakaa pale, mdomo unajaa ladha ya karafuu, na kabla hujatoka getini mabega yanaanza kushuka. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya saa moja. Dawa hubadilishwa baada ya siku moja hadi tatu, wakati mwingine mara mbili tatu, mpaka nyama ifunike mfupa. Muulize kabla hujatoka kama utepe uliowekwa ni wa kurudi kutolewa au ni wa kuyeyuka wenyewe. Utepe uliosahaulika humo unageuka kuwa tatizo jipya.

Maji ya chumvi nayo mama mkwe yuko sahihi, isipokuwa moto. Chukua nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu, kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga. Usisukutue kwa nguvu. Yaweke upande wa shimo, inamisha kichwa, yaache yakae, kisha yaache yaanguke yenyewe kwenye beseni. Fanya hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala. Mtu aliyeng'olewa jino leo asianze hayo mpaka saa 24 zipite, kwa sababu saa hizo ndizo donge linashika. Mswaki endelea nao kwenye meno mengine tangu siku ya kwanza, ukipita mbali na jeraha. Kinywa kichafu ndicho adui mkubwa, na watu wengi huacha kupiga mswaki wiki nzima kwa hofu, wakaharibu wenyewe.

Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji, mtindi, viazi vya kuponda, ndizi, wali uliolainika kwa mchuzi wa samaki aliyetolewa miiba. Tafuna upande wa kushoto. Kahawa chungu na kashata za barazani zisubiri kidogo, kashata hasa kwa vile vipande vya karanga vinavyonasa.

Sasa kujifunga kwa shimo. Kwa mtu asiyepata tatizo, uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Wiki ya kwanza hadi ya pili nyama nyekundu laini inajaa kutoka chini na pembeni. Mdomo wa shimo la gego hujifunika kwa ufizi kati ya wiki ya tatu na ya sita, na kibonyeo kidogo kinaweza kubaki hata miezi michache, hicho hakina shida. Mfupa ndio wa mwisho. Hujaza shimo kwa miezi mitatu hadi sita na kuendelea kujitengeneza zaidi ya hapo. Wewe uongeze wiki moja hadi mbili juu ya hesabu hiyo. Maumivu ya shimo kavu lililotibiwa hupungua siku kwa siku na kwa kawaida yameisha ndani ya siku 7 hadi 14. Mwisho wa safari shimo lako na la mwenzako vitakuwa sawa. Katikati ya miezi hiyo unaweza kuhisi kipande kidogo kikali cha mfupa kinachomoza ufizini. Kikitoka chenyewe hakuna neno, kikikwama na kukuchoma, nenda kitolewe.

Pengo lenyewe tuliongee, ingawa halina haraka. Ukiliacha, jino la nyuma huweza kuinamia mbele taratibu, na la juu yake kushuka kutafuta mwenzake. Si kila mtu humtokea, na watu wengi huishi vizuri na pengo moja. Jino la bandia la kuvaa na kuvua ndilo la gharama ndogo na linapatikana hapa Tanga, ila lahitaji kuoshwa kila siku na kuvuliwa usiku. Daraja, yaani jino la bandia lisilovuliwa, linashikwa na meno ya jirani, na ili lishike lazima yachongwe, kwa hiyo nasita kulishauri kama meno hayo ni mazima kabisa. Jino la kupandikizwa kwenye mfupa ni zuri lakini ni ghali. Jua tu kwamba ukingo wa taya hupungua unene baada ya jino kung'oka, na sehemu kubwa ya kupungua huko hutokea katika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo kama unafikiria kupandikiza, anza mazungumzo mapema. La muhimu kwangu kuliko yote hayo: siku unapokwenda kubadilishiwa dawa, omba ukaguliwe meno yaliyobaki. Toboo likiwa dogo linazibwa, na jino linakaa.

Kuna hali ambazo haya yote hayahusiki na hupaswi kungoja asubuhi. Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, sakafu ya mdomo kuinuka na kusukuma ulimi, kushindwa kumeza hata mate, sauti kubadilika kama mtu mwenye kitu mdomoni, mdomo kukataa kufunguka, au pumzi kubana: hiyo ni dharura ya kuokoa maisha, njia ya hewa inaweza kuziba. Aliyeko Pangani, Mkinga au Handeni asisubiri basi la alfajiri, atafute usafiri usiku huohuo. Homa baada ya kung'olewa jino nayo isipewe jina la malaria kwa kubahatisha. Pima malaria, ndiyo, lakini mwonyeshe aliyekupima na mdomo wako. Damu ikiendelea kujaza mdomo baada ya kung'ata pamba safi kwa nusu saa mfululizo, mara mbili, nenda hospitali. Mdomo wa chini au kidevu kikibaki na ganzi baada ya siku ya kwanza, rudi ukaseme. Na shimo lolote ambalo halionyeshi kujifunga baada ya wiki nne, hasa kwa mvutaji au mla tambuu, au aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, lazima lichunguzwe na daktari wa kinywa na meno.

Nimalizie na mama mkwe. Mwambie kwa heshima kwamba jino la juu na macho havina mshipa mmoja. Kuona kunabebwa na mshipa wake maalumu unaotoka nyuma ya jicho kwenda ubongoni. Meno ya juu yanahudumiwa na tawi la mshipa mwingine kabisa, ambalo kazi yake ni hisia za uso. Ganzi ya meno ya juu huweza, kwa nadra sana, kumfanya mtu aone vitu viwiliviwili kwa muda, ikiisha na macho yanarudi. Imani hiyo imedumu kwa sababu watu wengi huanza kung'olewa meno katika miaka ya arobaini na hamsini, umri uleule ambao macho ya kila mtu huanza kushindwa kusoma maandishi madogo, awe ameng'olewa au hajang'olewa. Linaloweza kumdhuru ni hilo jino bovu akiliacha, kwa kuwa usaha wa meno ya juu unaweza kupanda shavuni hadi kuzunguka jicho.

Kwa hiyo mchukue mwende naye. Asiende na njaa, ale kwanza. Kama ana presha au kisukari ameze dawa zake za asubuhi kama kawaida na azibebe, hata za kulainisha damu asiziache kwa uamuzi wake, aziseme. Na wewe ukifika mapokezi usiseme tu "jino linauma". Sema: niling'olewa gego la chini Jumamosi, maumivu yalianza upya Jumanne, shimo liko tupu, nina vidonda vya tumbo, na hizi hapa dawa nilizokwishameza.